Droni iliyoanguka na swali la kuirusha tena

Droni inayoanguka mara nyingi haivunjiki kwa namna inayoonekana. Imegonga tawi la mkorosho huko Tandahimba, kusini mwa Tanzania, au imeshuka kwa kishindo kwenye changarawe ya uwanja wa shule mjini Lindi. Mwenyewe anaiokota, anaifuta vumbi, anaiwasha, taa zinawaka kijani na mota zote nne zinazunguka. Linalobaki ni uamuzi: irushwe hapo hapo ili kazi iishe, au irudi kwanza ikafunguliwe na kutengenezwa? Wapiga picha za harusi, wapima ardhi na wakulima wanaokagua mashamba yao kutoka juu hukutana na swali hilo, na wengi hulijibu kwa kipimo kimoja tu, yaani kuiinua mita chache na kuona kama bado inaruka. Kipimo hicho kinadanganya, na sababu ya kudanganya kwake imo ndani ya namna droni yenyewe ilivyoundwa.

Droni ya mapangaboi manne haina mabawa ya kuibeba. Ndege yenye mabawa ikizimika injini huteleza hewani kwa muda na kumpa rubani nafasi ya kutafuta mahali pa kutua, na helikopta nayo huweza kushushwa kwa pangaboi lake kuu linaloendelea kuzungushwa na upepo wa kushuka. Droni ya mota nne haina akiba ya namna hiyo, kwani mota moja ikisimama, chombo hupinduka na kuanguka kabla ya mrushaji kuelewa kilichotokea. Droni za mota sita au nane huweza kuvumilia kupoteza mota moja, lakini nyingi tunazoziona mitaani kwetu ni za mota nne. Kinachoziweka sawa hewani ni kompyuta ndogo iliyomo ndani, ambayo husoma vihisi vya mwendo na kurekebisha kasi ya kila mota mara mamia kwa sekunde.

Hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Mkono mmoja ukiwa umepinda kidogo, au mota moja ikiwa imepungukiwa nguvu, kompyuta hiyo hailalamiki. Huagiza tu mota dhaifu iongeze kasi mpaka droni itulie. Mrushaji aliye chini huona chombo kimetulia kama zamani, na haoni kwamba mota moja sasa inafanya kazi karibu na kikomo chake ilhali nyingine tatu zinafanya kazi ya kawaida. Akiba ya nguvu imeliwa kimyakimya. Siku ya utulivu wa hewa akiba hiyo haihitajiki, kwa hiyo jaribio la dakika mbili nyuma ya nyumba hupita vizuri. Huhitajika pale upepo wa kusi unaposukuma kutoka baharini mwezi wa Julai, au pale betri inapokaribia kwisha na volti zake kushuka, na ndiyo maana droni iliyoanguka Jumatatu huweza kuruka vizuri Jumanne na Jumatano, kisha ikaanguka Alhamisi bila sababu yoyote ambayo mwenyewe anaweza kuieleza.

Kwa hiyo swali la kwanza linalopaswa kuulizwa juu ya kila sehemu iliyoguswa na ajali ni hili: sehemu hii ikishindwa hewani, chombo kitabaki juu au kitaanguka? Swali hilo hupanga uharibifu kwa mpangilio tofauti kabisa na ule wa macho. Kamera iliyong'oka na kuning'inia kwa waya wake bapa inatisha kuitazama na ni ghali kuibadilisha, lakini haiibebi droni. Tatizo lake kubwa ni kwamba inayumbisha uzito na waya uliochubuka unaweza kupiga shoti. Ufa mwembamba kama unywele kwenye shina la pangaboi hauonekani kwa mtazamo wa haraka, gharama ya kuuondoa ni ndogo, na ndio unaoangusha. Mikwaruzo ya ganda la nje, kifuniko kilichopoteza rangi na mguu wa plastiki uliokatika ncha si mambo ya kuahirishia kazi, isipokuwa pale ambapo mguu huo unabeba antena au dira ndani yake, kama ilivyo kwa baadhi ya aina.

Mapangaboi yanastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Pangaboi la droni ndogo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kila gramu iliyopungua upande mmoja huligeuza kuwa kitu cha kutikisa. Mtikisiko huo kwanza huharibu picha, ambayo huonekana ikichezacheza kama maji. Kisha hufika kwenye vihisi vya mwendo, ambavyo havina njia rahisi ya kutofautisha mtikisiko wa pangaboi bovu na mwendo halisi wa chombo, hivyo kompyuta huanza kurekebisha mambo ambayo hayapo. Mwisho wake hula beringi za mota. Anayekagua aondoe betri kwanza, kisha apitishe ukucha polepole kwenye ukingo wa kila bapa la pangaboi, mbele na nyuma, kwa kuwa ukucha hunasa penye pengo ambapo jicho limepita. Halafu alikunje bapa taratibu penye mwanga na kutazama shina lake. Plastiki iliyochoka huonyesha mstari mweupe mahali ilipojipinda. Likipatikana lolote kati ya hayo, pangaboi halitengenezwi. Kulipiga msasa, kuligandisha kwa gundi au kulinyoosha kwa maji ya moto ni kuokoa pesa kidogo kwa kuhatarisha chombo kizima, na watengenezaji wote wakubwa wanasisitiza kwamba pangaboi lililoharibika libadilishwe. Kwenye droni zenye mabapa ya kukunjwa, mabapa mawili ya mota moja hubadilishwa pamoja, kwa sababu jipya na la zamani hayana uzito ule ule. Mtu anayefanya kazi nje ya mji, Nanyumbu au Liwale kwa mfano, hana udhuru wa kutobeba seti nzima ya akiba begini.

Mikono ya droni huvunjika kwa namna mbili. Ile ya plastiki hupasuka karibu na bawaba ya kukunjia au penye tundu za skrubu, na ile ya nyuzi za kaboni hupasuka kwa ndani, tabaka moja likiachana na jingine huku uso wa juu ukibaki laini. Kwa hiyo mkono wa kaboni hukaguliwa kwa sikio vilevile: ukigongwa taratibu kwa ncha ya bisibisi, sehemu nzima hutoa mlio mkavu na sehemu iliyoachana hutoa mlio mzito, uliokufa. Gundi ya haraka inayouzwa kila duka haifai kwenye mkono unaobeba mota, kwani hukauka ikawa ngumu kama kioo na mtikisiko huivunja. Hata gundi bora ya kuchanganya mbili, ambayo hushika vizuri, huacha tatizo jingine la pembe: mkono ukigandishwa ukiwa umeinama kwa digrii mbili tu, mota inasukuma hewa kwa mshazari, droni inataka kujizungusha, na kompyuta inalazimika kuizuia safari nzima. Gundi inakubalika kwa ganda, kwa kifuniko na kwa mguu wa kutulia. Kwa mkono, jibu ni kuubadilisha.

Mota hukaguliwa kwa vidole. Betri ikiwa imetolewa, kila mota izungushwe kwa mkono na kulinganishwa na wenzake watatu, kwa kuwa ulinganisho huo unasema zaidi kuliko kuipima moja peke yake. Ile inayokwaruza, inayokwama mahali pamoja au inayocheza juu na chini kwenye shafti yake imeumia. Katika ukanda wetu kuna sababu mbili za ziada za kuitazama kwa makini. Ndani ya mota hizi kuna sumaku zenye nguvu, na droni iliyoangukia mchanga hukusanya punje zenye chuma ambazo hazitoki kwa kupuliza, bali huhitaji kunaswa kwa utepe wa gundi au kwa kuifungua mota kabisa. Nayo salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni vumbi laini linalopenya kila uwazi, na salfa na shaba hazipatani: shaba huwa nyeusi na viungo vyake hudhoofika. Droni inayofanya kazi mashambani majira ya kupuliza dawa inahitaji kusafishwa hata isipoanguka, na ikianguka kwenye shamba lililopulizwa karibuni, usafi wa mota na tundu zake za hewa uhesabiwe kuwa sehemu ya matengenezo.

Betri ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hatari yake haisubiri droni iruke. Betri za lithiamu hubeba nishati nyingi katika tabaka nyembamba zilizotenganishwa na utando mwembamba, na pigo likiutoboa utando huo, shoti huanza ndani kwa ndani. Moto unaweza kuwaka papo hapo, na unaweza kuwaka baada ya saa kadhaa, betri ikiwa imekwisha kuwekwa kabatini au chini ya kitanda. Betri ya droni iliyoanguka itolewe mara moja ikiwa haitoi moshi wala joto kali, iwekwe nje juu ya mchanga au sakafu ya saruji mbali na makuti, mbao na petroli, na iachwe hapo walau saa chache ikitazamwa. Iliyovimba, iliyobonyea, iliyotoboka au inayotoa harufu tamu ya kemikali imekwisha kazi, na wala isijaribiwe kuchajiwa ili kuona kama itakubali. Iliyo salama kwa nje ipimwe seli kwa seli, kwa programu ya droni yenyewe au kwa mita ya kupimia umeme. Seli ya kawaida ya lithiamu polima ikijaa huwa na volti 4.2 na haitakiwi kushuka chini ya volti 3.0. Tofauti kati ya seli ikizidi volti 0.1 baada ya kuchajiwa, seli iliyo chini inaelekea kuumia, na ndiyo itakayoporomoka wakati mota zinapodai nguvu nyingi. Wapo mafundi wanaofungua betri na kupachika seli moja mpya kati ya zilizochakaa. Kwa tochi hilo linaweza kupita, lakini kwa kitu kinachoruka halifai, kwa kuwa seli mpya na kuukuu hazitoi umeme kwa uwiano mmoja.

Huku kusini sura nyingine ya ajali ni bahari. Ghuba ya Mikindani, fukwe za Msimbati na maji ya Kilwa Masoko huvutia kupigwa picha kutoka juu, na droni zinazorushwa hapo huishia majini mara kwa mara. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na droni inayozama ikiwa imewashwa hupata shoti mahali pengi kwa wakati mmoja. Njia za shaba kwenye bodi huanza kuliwa ndani ya dakika chache. Kinachosaidia ni haraka: betri itoke, mwili usuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi ili chumvi iyeyuke na kutoka, kisha ufunguliwe na bodi zisafishwe kwa alkoholi ya isopropili isiyo na maji mengi, zikaushwe kwa hewa inayopita. Kuifukia droni kwenye mchele ni kazi bure, kwa sababu kinachoua ni chumvi, wala mchele hauiondoi. Hata baada ya usafi mzuri, chumvi hubaki chini ya vijenzi vilivyobandikwa kwenye bodi, ambako brashi haifiki, na unyevu wa pwani huiamsha tena wiki au miezi baadaye. Msimamo wangu juu ya droni iliyozama baharini ni mkali kuliko wa mafundi wengi: ikiwa imefufuka, irushwe tu juu ya ardhi tupu, kwa kazi ya mazoezi, na isirushwe tena juu ya watu wala juu ya maji. Betri yake isitumike tena kabisa. Iliyotumbukia kwenye maji baridi, mtoni au kwenye dimbwi la mvua, ina nafasi nzuri zaidi ya kupona ikiwa itakaushwa yote kabla ya kuwashwa.

Vihisi vya mwendo na dira havichukui muda mrefu. Baada ya pigo lolote zito vipangwe upya kwa kufuata programu ya chombo, vihisi vya mwendo droni ikiwa mahali palipo sawa, na dira droni ikizungushwa kama programu inavyoelekeza, mbali na nondo, magari na mabati, kwa sababu dira iliyopotoka huifanya droni izunguke duara linalozidi kupanuka inapotakiwa kusimama mahali pamoja. Onyo linalorudi baada ya kupangwa mara mbili linaashiria kihisi kilichoumia, na kubonyeza ili lipotee kwenye skrini hakukitibu.

Yote hayo yanahusu chombo. Nusu ya pili ya uamuzi inahusu kilicho chini yake, na hapo hesabu fupi inatosha. Droni ya gramu 900 ikianguka kutoka mita 30, bila kuhesabu upinzani wa hewa, hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 87 kwa saa. Hewa huipunguzia kasi, lakini kinachobaki kinatosha kupasua kichwa. Droni ya kunyunyizia dawa yenye tenki la lita 40 hufikia takriban kilo 90 inapopaa ikiwa imejaa, na mtu yeyote aliyewahi kubeba gunia la korosho anaweza kukadiria maana ya uzito huo kushuka kutoka juu ya mikorosho. Kwa hiyo kasoro ile ile haina uzito ule ule kila mahali. Mota yenye beringi inayoanza kukwaruza, juu ya shamba tupu la ufuta lililokwisha kuvunwa, inahatarisha mali ya mwenyewe. Juu ya sherehe ya harusi Shangani, mjini Mtwara, au ngoma ya kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando au unyago, watoto wakikimbia chini wakiifuata, kasoro hiyo inatosha kuifunga droni begini, hata kama malipo ya awali yamekwisha kutolewa na mwenye shughuli anasubiri picha.

Sheria nayo ina nafasi. Droni zinazorushwa Tanzania Bara ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo husajili vyombo na kutoa vibali, na kibali alichopewa mtu hakimwondolei wajibu wa kuhakikisha kuwa chombo chake kinafaa kuruka. Katika ndege za abiria, chombo kilichotua kwa kishindo hakirudi angani mpaka mhandisi mwenye leseni akikague na kutia saini. Mrushaji wa droni hana mhandisi huyo pembeni. Yeye ndiye mkaguzi na ndiye mtia saini, na ndiyo sababu daftari dogo la tarehe ya ajali, sehemu zilizokaguliwa na zilizobadilishwa lina thamani hata kama hakuna anayelidai. Kumbukumbu za safari zilizomo ndani ya droni nazo zinakiliwe kabla ya kufuta chochote, kwa kuwa mara nyingi huonyesha mota ipi ilikuwa ikizidiwa kabla ya kuanguka.

Gharama huamua mengi, na si haki kuzungumza kana kwamba haipo. Spea nyingi zinatoka Dar es Salaam, takriban kilomita 560 kwa barabara kutoka Mtwara, na mvua kubwa zikikata barabara upande wa Kilwa, kama ilivyotokea mwaka 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, kifurushi kinachotumwa kwa basi hukwama. Kishawishi cha kurusha hivyo hivyo hutokea katika siku hizo za kungoja. Fundi simu wa mjini anaweza kusaidia kuliko watu wanavyodhani, kwani ana mikono ya kulehemu vitu vidogo na ana mita, naye anaweza kurudisha waya uliong'oka au kubadilisha mota. Asichoweza kwa kawaida ni kupanga upya vihisi bila programu ya mtengenezaji, na ni vema aambiwe hivyo mapema. Panapoharibika bodi kuu pamoja na kamera, matengenezo husogelea bei ya chombo kilichotumika, na hapo kununua kingine huwa na maana zaidi, kwa sharti kwamba historia ya kuanguka kwa hicho kinachonunuliwa iulizwe kwa ukali.

Droni iliyotengenezwa haiendi kazini moja kwa moja. Iwashwe kwanza bila mapangaboi, mota zisikilizwe moja moja. Kisha yafungwe, ipandishwe mita moja hadi moja na nusu juu ya eneo tupu, watu wote wakiwa mbali na wala asiwepo mtoto wa kuishika, ikae hapo dakika mbili au tatu bila kuguswa rimoti, halafu ishushwe na kila mota iguswe kwa mgongo wa kidole. Mota moja ikiwa na joto kuliko nyingine, ndiyo ile iliyokuwa ikibeba mzigo wa siri, na droni irudi mezani. Joto likilingana, ipelekwe mbele, nyuma na kuzungushwa pande zote mbili, kisha imalize betri nzima kwa urefu wa mita kumi, siku ya upepo wa wastani, kwa kuwa upepo ndio unaoifichua akiba iliyopungua. Ikipita betri kadhaa kwa namna hiyo, inaweza kurudi juu ya shamba. Juu ya watu na juu ya bahari irudi mwisho, baada ya kazi kadhaa zisizo na onyo lolote.

Ile iliyoamuliwa kuwa haitaruka tena bado ina kitu cha kutoa: mota iliyozunguka sawasawa na wenzake, miguu, vifuniko, rimoti na chaja vinaweza kuhamia kwenye chombo kingine. Mapangaboi yake, mikono iliyokuwa upande wa pigo na betri iliyokuwemo wakati wa ajali visihamishwe, na mnunuzi wa spea hizo aelezwe zimetoka kwenye droni ya namna gani.